Soko Moja, Fahirisi Mbili

Mwisho wa mwaka 2007, fahirisi ya NSE 20 ya Soko la Hisa la Nairobi ilikuwa karibu pointi 5,445. Mwisho wa 2020 ilikuwa imeporomoka hadi 1,868. Mtu aliyesoma namba hizo peke yake angeamini kwamba katika miaka 13 wenye hisa wa Kenya walipoteza karibu theluthi mbili ya mali yao. Lakini soko hilohilo lina fahirisi nyingine, NASI, inayojumuisha kampuni zote zilizoorodheshwa. Hii ilianza na pointi 100 tarehe 1 Januari 2008, na mwisho wa 2020 ilisoma 152. Kwa NASI, mali ya wenye hisa ilikuwa imeongezeka kwa nusu.

Hakuna kosa katika namba hizo. Zote mbili zilihesabiwa kutokana na bei za soko moja, na mtu yeyote mwenye kumbukumbu za bei anaweza kuzihakiki. Kilichozitenganisha ni kanuni ya hesabu, na kanuni hiyo haikutoka mbinguni: kuna watu walioketi mezani wakaamua kampuni zipi ziingie na kila moja iwe na uzito gani. Mwekezaji asiyejua uamuzi huo hajui anapimwa kwa kitu gani.

Sehemu kubwa ya tofauti ya Nairobi ni Safaricom. Serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya kampuni hiyo kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kwa hisa, na ilianza kuuzwa sokoni mwezi Juni mwaka huo. Mwisho wa 2020 hisa moja ilikuwa zaidi ya shilingi 34. Safaricom ina hisa zipatazo bilioni 40, kwa hiyo kila senti inayopanda ni fedha nyingi. NASI inaipa kila kampuni uzito kulingana na thamani yake sokoni, na kuna vipindi ambavyo Safaricom peke yake ilibeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Katika NSE 20, Safaricom ni kampuni moja kati ya ishirini. Wakati yenyewe inapaa, kampuni nyingine zilizokuwa na majina makubwa zilikuwa zinazama: Kenya Airways ilielemewa na hasara na madeni, na Mumias Sugar iliishia mikononi mwa mrasimu mwaka 2019. NASI ilisimulia habari za shilingi nyingi zilizokuwa ndani ya kampuni moja. NSE 20 ilisimulia habari za kampuni nyingi.

Ili kuona jinsi kanuni inavyozaa jibu, tuchukue soko dogo la kubuni lenye kampuni mbili. Kampuni A ina hisa milioni moja, kila moja shilingi 10,000, kwa hiyo thamani yake ni shilingi bilioni 10. Kampuni B ina hisa milioni 200, kila moja shilingi 500, na thamani yake ni bilioni 100. Siku moja A inapanda kwa asilimia 10 na B inashuka kwa asilimia 10. Je, soko limepanda au limeshuka?

Ukijumlisha bei tu, asubuhi unapata 10,500 na jioni 11,450. Soko limepanda kwa asilimia 9. Ukijumlisha thamani za kampuni, bilioni 110 za asubuhi zimekuwa bilioni 101 jioni. Soko limeshuka kwa zaidi ya asilimia 8. Ukitafuta wastani wa kawaida wa mabadiliko hayo mawili, jibu ni sifuri. Na ukitumia wastani wa kijiometri, yaani kuzidisha 1.1 kwa 0.9 kisha kutafuta kipeuo cha pili cha zao, soko limeshuka kwa nusu asilimia. Siku moja, bei zilezile, majibu manne, na hakuna hata moja lililokosewa.

Kanuni ya kwanza, ya kujumlisha bei, ndiyo inayotumika katika fahirisi maarufu kuliko zote duniani. Charles Dow, mwandishi wa habari wa New York, alichapisha wastani wake wa kampuni za viwanda kwa mara ya kwanza tarehe 26 Mei 1896. Alichukua bei za kampuni 12, akazijumlisha, akagawa kwa 12, akapata 40.94. Alihitaji hesabu inayoweza kufanywa kwa penseli kabla gazeti halijaingia mitamboni. Mwaka 1928 kampuni ziliongezwa zikawa 30, na idadi hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni kigawanyo: kila kampuni inapogawa hisa zake vipande vidogo, au inapotolewa na kuingizwa nyingine, kigawanyo hurekebishwa ili fahirisi isiruke bila sababu. Leo kiko chini ya 0.2. Tabia ya msingi, hata hivyo, ni ileile ya 1896: hisa yenye bei kubwa ndiyo yenye sauti kubwa, hata kama kampuni yenyewe ni ndogo. Agosti 2020 Apple iligawa kila hisa yake kuwa nne, na uzito wake ndani ya Dow ukapungua mara moja kwa kiwango kikubwa, ingawa kampuni haikupoteza kitu.

Kwa maoni yangu, Dow inaendelea kutangazwa kwa sababu ya umri wake tu. Wataalamu wa uwekezaji Marekani hujipima zaidi kwa S&P 500, iliyoanza na kampuni 500 tarehe 4 Machi 1957 na inayotumia thamani ya soko. Tangu 2005 fahirisi hiyo huhesabu zile hisa tu ambazo umma unaweza kuzinunua, ikiacha zile zilizoshikiliwa moja kwa moja na wenye kampuni au serikali. Marekebisho hayo yangekuwa na maana kubwa katika masoko yetu. Baada ya mauzo ya 2008, robo tatu ya Safaricom ilibaki mikononi mwa wamiliki wawili wakubwa, na mwananchi wa kawaida angeweza kununua katika ile robo iliyobaki tu.

Hesabu ikishaamuliwa, lazima pia itendwe kwa uangalifu. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha fahirisi mpya Januari 1982 kwa pointi 1,000. Kwa miezi 22 fahirisi hiyo iliendelea kushuka, hata pale biashara ilipokuwa nzuri, na Novemba 1983 ilifunga kwa 524.811. Wachunguzi waligundua kwamba kompyuta ilikuwa ikihesabu upya fahirisi baada ya kila muamala, karibu mara 3,000 kwa siku, na kila mara ilikata tarakimu zote baada ya nafasi ya tatu ya desimali badala ya kuzikadiria juu au chini. Kila mkato ulikuwa chini ya sehemu moja ya elfu ya pointi, lakini siku ilipokwisha zaidi ya pointi nzima ilikuwa imepotea. Hesabu iliporekebishwa, fahirisi ilifungua Jumatatu ikisoma 1,098.892. Kwa karibu miaka miwili watu walidhani soko linakufa, kumbe lilikuwa limekua.

Sasa tuje kwenye kazi nzito zaidi ya fahirisi, ile ya kuwa kigezo. Mtu anayesimamia fedha za wengine anapojisifu kwamba amezalisha asilimia 12 kwa mwaka, sifa hiyo haina maana mpaka tujue soko lenyewe lilizalisha nini bila yeye. Mwaka 1991 William Sharpe, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka uliotangulia, aliandika makala fupi yenye hoja ambayo sijaona aliyeivunja. Chukua hisa zote za soko moja. Kundi la kwanza la wawekezaji linashika kila hisa kwa uwiano wa soko, halichagui chochote. Faida yake kabla ya gharama ni faida ya soko. Waliobaki ni wanaochagua. Wakiwekwa pamoja, wanachoshika ni soko lilelile kwa uwiano uleule, kwa hiyo wastani wa faida yao kabla ya gharama nao ni ule wa soko. Kila anayeshinda amemshinda mwenzake. Lakini wanaochagua wanalipa zaidi: ada za wachambuzi, kamisheni za madalali, gharama za kununua na kuuza kila mara. Baada ya gharama, wastani wao lazima uwe chini.

John Bogle alikuwa ameshaiweka fikra hiyo kwenye biashara. Mwaka 1976 kampuni yake ya Vanguard ilifungua mfuko wa umma uliofuata S&P 500 bila kuchagua hisa. Alitarajia kukusanya dola milioni 150, akapata milioni 11.3, na wenzake wakamcheka. Miaka 30 hivi baadaye mwekezaji Warren Buffett aliweka dau la dola milioni moja kwamba mfuko wa namna hiyo ungeishinda mifuko mitano iliyochaguliwa na wataalamu wa kampuni ya uwekezaji ya Protégé Partners katika miaka kumi kuanzia 2008. Mfuko wa fahirisi uliongezeka kwa asilimia 125.8. Ule uliofanya vizuri kuliko yote mitano uliongezeka kwa asilimia 87.7, na uliofanya vibaya kuliko yote asilimia 2.8.

Ushindi huo ulipimwa kwa haki, kwa sababu pande zote mbili zilihesabiwa pamoja na gawio na baada ya gharama. Hapa ndipo matangazo mengi yanapowapotosha watu. Fahirisi nyingi zinazosomwa kwenye habari, pamoja na NASI, NSE 20, DSEI ya Dar es Salaam na FTSE 100 ya London, hufuata bei tu na kuacha gawio nje. DAX ya Ujerumani, katika namba yake inayotangazwa, hujumuisha gawio kana kwamba limerudishwa sokoni. Ukizilinganisha DAX na FTSE 100 kwa miaka mingi bila kujua hilo, utaionea London. Tuseme bei zinapanda kwa asilimia 6 kwa mwaka na gawio ni asilimia 3. Shilingi milioni moja, kwa bei pekee, inakuwa kama milioni 3.2 baada ya miaka 20. Gawio likirudishwa kununua hisa zaidi, inakuwa milioni 5.6. Meneja anayejumlisha gawio lake kisha akajilinganisha na fahirisi ya bei amejipa ushindi ambao hakuufanyia kazi. Ni kama mnunuzi anayekwenda shambani na gunia lake mwenyewe la lumbesa: mkulima anaona gunia moja limejaa, na kilo za ziada zinaondoka bila kulipwa.

Dar es Salaam ina mtego wake pia. Soko lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni moja, TOL, na leo lina fahirisi kuu mbili. DSEI inahesabu kampuni zote, zikiwemo za Kenya zilizoorodheshwa pia hapa, kama KCB, EABL na Kenya Airways. TSI inahesabu za Tanzania tu. Hisa za Kenya huuzwa kwa nadra sana Dar, lakini bei zake zikiyumba Nairobi, DSEI inayumba nazo. Anayeshika CRDB, NMB na Twiga Cement akijipima kwa DSEI anajilinganisha kwa sehemu na hisa ambazo hana. Kigezo chake ni TSI.

Wenye vipande vya mifuko ya pamoja wana swali gumu zaidi. Mfuko wa Umoja wa UTT, taasisi ya mifuko ya pamoja ya Tanzania, ulioanza 2005, unachanganya hisa na dhamana za mapato ya kudumu, kwa hiyo kigezo chake hakiwezi kuwa TSI peke yake. Kinapaswa kuwa mchanganyiko wa fahirisi ya hisa na mapato ya dhamana za serikali kwa uwiano ule ambao mfuko unaufuata. Mfuko wa Ukwasi, unaotegemea amana za benki na dhamana, haustahili kupimwa kwa hisa kabisa. Mwaka hisa zikishuka utaonekana shujaa, na mwaka zikipanda utaonekana mzembe, na yote mawili ni uongo.

Juu ya yote kuna mfumuko wa bei. Mwaka 2007 fahirisi ya Harare ilipaa kwa maelfu ya asilimia huku dola ya Zimbabwe ikigeuka karatasi. Aliyeitazama fahirisi hakuona chochote cha maana mpaka alipoilinganisha na bei ya mkate.

Ombi langu kwa wasimamizi wa mifuko ni kwamba kigezo kitajwe kwenye waraka wa mfuko kabla fedha hazijapokelewa, kiandikwe kama kinahesabu gawio au la, na kisibadilishwe mwaka ukienda vibaya bila wenye vipande kuelezwa sababu. Kwa watangazaji wa habari za biashara, ombi ni dogo zaidi: mnaposema soko limepanda, tajeni ni kwa fahirisi ipi. Na wewe mwenye hisa au vipande, ripoti ya mwaka ikifika, tafuta jina la kigezo kabla hujasoma asilimia ya faida. Likikosekana, andika barua uulize. Fedha ni zako na una haki ya kujibiwa.