Bolti zisizo za kawaida kwenye kalipa za breki na namna ya kuzifungua

Gari linalotoka Tlawi, wilayani Mbulu, kuelekea Babati kupitia Magara hulazimika kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa, mahali ambapo mguu wa dereva haubanduki mbali na breki. Kwenye mteremko wa namna hiyo, kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu, inategemewa kuliko kitu kingine chochote. Pini zake zikiganda kwa kutu na vumbi, pedi moja hulika kabla ya nyingine, gari huvuta upande mmoja na diski hupata moto kupita kiasi.

Ukarabati wa kalipa si mgumu kwa fundi mzoefu. Kinachowakwamisha wengi ni bolti. Magari mengi ya Kijapani, ambayo ndiyo yaliyozoeleka nchini, hutumia vichwa vya pembe sita, aghalabu vya spana namba 12, 14 au 17. Ya Ulaya ni jambo jingine. Pini za kalipa za Volkswagen nyingi hufunguliwa kwa alenkii ya milimita 7, kipimo kinachokosekana katika seti nyingi, na baadhi ya bolti za kishikio cha kalipa ya nyuma zina tundu la ncha 12. Kwa haraka, tundu hilo hudhaniwa kuwa la nyota ya ncha sita. Fundi huingiza biti inayokaribiana, huizungusha kwa nguvu, na ncha zote husagika.

Kazi huanza na usafi. Tope lililogandamana ndani ya tundu hutolewa kwa msumari mwembamba na brashi ya waya ili biti izame hadi mwisho. Kisha biti hugongwa kwa nyundo mara chache: hukaa sawasawa, na mtikisiko hulegeza kutu kwenye nyuzi. Mafuta ya kupenyeza kutu huachwa yafanye kazi, ikiwezekana usiku kucha, yakikingwa yasifike kwenye pedi wala diski.

Kichwa kikisagika kabisa, nati huchomelewa juu yake na bolti hufunguliwa kwa spana. Joto lenyewe husaidia. Lakini moto usitumike kabla kalipa, mipira yake na paipu havijaondolewa, kwa kuwa mpira huharibika na mafuta ya breki huweza kuwaka. Kalipa nayo isining'inizwe kwa paipu. Ifungwe kwa waya.

Bolti iliyosagika hairudishwi, hata kama nyuzi zake zinaonekana nzima, na zile ambazo mtengenezaji ameagiza zitumike mara moja tu hubadilishwa zote. Pini hupakwa grisi ya silikoni, si ya kawaida, kwani grisi ya petroli huvimbisha mpira. Kukaza hufanywa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kuendeshwa barabarani. Breki zilizofunguliwa hutolewa hewa kwanza, kisha hujaribiwa kwa mwendo mdogo kwenye uwanja tambarare, kabla gari halijapelekwa Magara.