Kifua Kikuu na Maumbo ya Protini (3): Mchukuzi wa Nta

Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 kwenda kwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper kwa kazi yao juu ya maumbo ya protini imenipa nguvu ya kurudia wimbo wangu: umbo la protini ya bakteria likijulikana, dawa huacha kutafutwa kwa kubahatisha.

Ila siwezi kuandika habari za bakteria wa kifua kikuu nikiwa hapa Kalenga, Iringa, nisimtaje Robert Koch. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kwamba amemwona mleta kifua kikuu. Hayo mnayajua. Wachache wanajua kwamba mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, akaendelea hadi mwaka uliofuata kuchunguza malaria na tauni. Wakati huohuo Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyenyang'anywa ngome yake hapa Oktoba 1894, alikuwa akisakwa porini na askari wa serikali ileile ya Kijerumani iliyokuwa mwenyeji wa Koch. Julai 1898 Mtwa alijiua asikamatwe. Fuvu lake mnaloliona katika makumbusho yetu lilitoka Bremen, likakabidhiwa na Gavana Twining mwaka 1954. Waliopima mafuvu na waliopima vimelea walitoka nchi moja, zama zilezile. Ndiyo maana kila ninaposikia neno utafiti huuliza: kilichochukuliwa kwetu kimerudi na nini?

Kwa swali hilo, tuiangalie dawa ya kifua kikuu iitwayo SQ109. Kuanzia 2013 wagonjwa 365 wa Tanzania na Afrika Kusini waliingia katika jaribio la michanganyiko ya dawa. Kituo cha Mbeya cha taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, kilishiriki. SQ109 haikufua dafu, na makundi yaliyoimeza yakasimamishwa kabla ya wakati. Mwaka 2019 ndipo watafiti wa China walipochapisha umbo la protini inayolengwa na dawa hiyo, MmpL3, kwa kumulika fuwele zake kwa eksirei. Walitumia protini ya Mycobacterium smegmatis, ndugu mpole wa bakteria wa kifua kikuu. MmpL3 ni mchukuzi: hubeba malighafi ya nta hadi kwenye ukuta wa nje wa bakteria. SQ109 ilionekana imejibana katika njia ya protoni, ambazo ndizo nguvu ya mchukuzi huyo. Wagonjwa walimeza kwanza, picha ikafuata.

Maumbo hayo yamewekwa wazi kwenye intaneti, bure kabisa. Mwalimu wa baiolojia Iringa mjini angeweza kuigeuzageuza MmpL3 mbele ya darasa lake kesho asubuhi. Badala yake tunawakaririsha watoto sehemu za seli kwa ajili ya mtihani, halafu tunanung'unika kwamba dawa hubuniwa na wageni. Uvivu huo ni wetu, tusimsingizie Mjerumani.

Kilichong'ara katika jaribio lile la SQ109 ni rifampisini, dawa ya miaka mingi, kwa dozi ya miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito badala ya 10 za kawaida: makohozi yalisafika mapema zaidi. Protini inayoshikwa na rifampisini, ile inayonakili jeni, nitaieleza katika sehemu ya nne.