Picha ya Somo Nayo ni Jasho la Mtu

Mwalimu wa Mtinko, mkoani Singida, atakapo kufundisha sehemu za ua hana haja ya kuwaonyesha watoto waridi la Ulaya. Alizeti ndiyo iliyoupatia mkoa wake sifa. Lakini picha ya karatasi ya somo ataitoa wapi? Wengi huchukua ile ya kwanza waionayo katika intaneti.

Ndugu wasomaji, kitu kuonekana na wote si kuwa mali ya wote. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mwalimu nafasi ya kutumia kazi ya mwingine darasani kwa kiasi cha haki, mradi amtaje mwenyewe. Karatasi ikisambazwa shule kwa shule, au ikiuzwa, jambo huwa jingine. Kula jasho la mwenzio bila hata kumtaja ni unyonyaji, ijapokuwa nia ni njema.

Njia halali ipo. Mwaka 2001 ilianzishwa huko Marekani jumuiya ya Creative Commons, ambayo mwaka 2002 ilitoa leseni za kuwawezesha watu kuruhusu kazi zao zitumiwe bure. Ghala la Wikimedia Commons, lililoanzishwa mwaka 2004, limejaa picha za namna hiyo. Atafutaye kwa neno alizeti aweza kuambulia chache. Na aandike Helianthus annuus, jina la kitaalamu, ataziona tele.

Hata hivyo, yapasa kusoma masharti. Herufi BY zamtaka mtumiaji amtaje mwenye kazi. SA yamtaka, akiibadili, naye aitoe kwa masharti yale yale. NC yakataza biashara. ND yakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa. Kwa hiyo mchoro wenye alama hiyo haufai kubadilishiwa maneno kuwa ya Kiswahili na kugawiwa.

Wala tusiwe watu wa kupokea tu. Mwalimu mwenye simu na apige picha ya alizeti ichanuapo, ya mtama na ya miamba ya Singida, kisha aitoe kwa leseni huria. Hapo mwalimu wa Lindi au wa Kisumu atafundishia picha iliyotoka Mtinko, na jina la aliyeipiga litasomwa chini yake.