Chai ya karak ina saa yake

Hapa Al Jaddaf, mtaa wa majahazi kando ya hori la Dubai, chai ya karak haikosekani: majani mengi, maziwa, iliki na sukari. Kwetu sisi tuliolelewa kwa chai ya maziwa, ladha yake ni ya nyumbani. Sisemi tuiache. Nasema tuangalie saa ya kuinywa.

Kwanza, jioni. Kafeini ya chai haitoki mwilini upesi. Baada ya muda wa saa tano hivi, nusu yake bado imo. Ukinywa magharibi, unalala nayo. Mwanafunzi hugeukageuka kitandani, mama huamka na hasira za karibu, na lawama zote huangukia maisha ya ugenini.

Pili, wakati wa chakula. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Chuma kikipungua sana, damu hupungua: mtu huchoka, huhema akipanda ngazi, hana hamu ya kitu. Wanawake na wasichana ndio huathirika zaidi. Basi, baada ya kula, ngojeni muda wa saa moja ndipo mnywe. Maharage nayo yakamulieni ndimu, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini.

Kwangu, karak ni ya alasiri. Usiku tunachemsha mchaichai au tangawizi, visivyo na kafeini. Na uchovu usipokwisha, msibahatishe: nendeni mkapimwe damu.