Kimo cha darubini ya bunduki hupimwa kutoka wapi?

NENO 'urefu' tumelibebesha mzigo. Barabara ina urefu, mnazi una urefu, hata kisima nacho. Katika mazungumzo hakuna anayepotea. Balaa huanza tunapofasiri maelezo ya kiufundi, kwa mfano ya darubini inayofungwa juu ya bunduki ya upepo. 'Urefu wa darubini' hapo ni upi? Wa kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, ama wa kwenda juu?

Tuna neno 'kimo', yaani urefu wa kwenda juu. Ni zuri, ila lina mtego wake: kimo cha mtu huanzia unyayoni kikaishia utosini. Walenga shabaha hawapimi hivyo. Wao hupima kutoka katikati ya tundu la mtutu hadi katikati ya darubini, kwa kuwa risasi hupita kwenye tundu, nalo jicho hupitia katikati ya darubini.

Sasa utapimaje katikati ya kitu usichoweza kukipasua? Pima mwanya ulio kati ya mgongo wa mtutu na tumbo la darubini, kisha uongeze nusu ya kipenyo cha kila kimoja. Tuseme mwanya ni milimita 20, kipenyo cha mtutu 16, na cha bomba la darubini 25.4. Jumlisha 20, 8 na 12.7, upate 40.7. Usinakili tu namba ya kwenye pakiti ya pete za kufungia. Watengenezaji wengine hupima hadi chini ya bomba, wengine hadi katikati yake. Pete zenyewe ziwe fupi kiasi, mradi kioo cha mbele kisiguse mtutu na shavu likae vizuri kitakoni.

Je, haya ni mambo madogo? Uingereza kuna mashindano ya kulenga tundu kwenye vibao vya chuma, kuanzia yadi 8 hadi 55, na matundu mengine yana kipenyo cha milimita 15 pekee. Chukua bunduki iliyorekebishwa kupiga sawasawa kwa yadi 30. Mwenyewe akiingiza kwenye programu ya kukokotoa kimo kilichozidi kwa sentimita 1, kwa yadi 8 atakosea kwa milimita 7 hivi. Risasi yenyewe ina unene wa milimita 4.5. Itagonga ukingo wa tundu, na alama imeenda.

Ndiyo maana ningemshauri mfasiri aandike 'kimo cha darubini, kitovu hadi kitovu'. 'Kitovu' tayari tunalitumia kwa katikati ya duara, na mtutu ukiutazama mdomoni ni duara tu.