Kisima Karibu na Jalala: Kuchemsha Maji Hakutoshi

Tangu utotoni tumefundishwa kuchemsha maji ya kunywa. Ni mafundisho mema na tusiyaache, maana maji yakitokota, vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hufa. Lakini familia zinazochota maji ya kisima karibu na jalala la mji zinapaswa kujua jambo la pili: yako madhara ambayo moto hauyaondoi.

Uchafu hufikaje kisimani?

Mvua inyeshapo juu ya jalala, maji hupenya katika rundo la taka na kuchukua yaliyooza na yaliyoyeyuka: chumvichumvi, mafuta, madini ya risasi kutoka kwenye betri na rangi za zamani. Chini hutoka maji meusi yenye harufu kali. Jalala lililojengwa vizuri huwekewa sakafu ya udongo wa mfinyanzi au plastiki nzito, pamoja na mifereji ya kukusanya maji hayo. Jalala la wazi halina kizuizi. Maji machafu huteremka ardhini polepole hadi visimani, hasa visima vifupi vilivyo upande wa mteremko. Hata jalala likifungwa, uchafu waweza kuendelea kuchuruzika kwa miaka.

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto anayekua. Naitreti ikizidi miligramu 50 katika lita moja, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaweza kuzuia damu ya mtoto mchanga isibebe hewa ya kutosha, hasa anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo. Ukichemsha, mvuke huondoka lakini vitu hivi hubaki sufuriani. Macho nayo hayatambui, kwa kuwa maji ya namna hiyo huweza kuwa maangavu kabisa. Njia ya kujua ni vipimo vya maabara.

Wajibu ni wa nani?

Mama hawezi kulisafisha jalala kwa sufuria yake. Jalala ni la halmashauri, na halmashauri ndiyo inayopaswa kujibu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu kwa ajili ya moshi, harufu na nzi wa jalala la jiji, wakashinda. Halmashauri ya Jiji ikaomba kuongezewa muda, kisha ikaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa. Alistaajabu kuona mamlaka ya umma ikiomba ruhusa ya kuchafua mazingira, akakumbusha haki ya kuishi iliyomo katika Katiba.

Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, wakashinda. Baadaye zikawa Vingunguti karibu na Mto Msimbazi, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Twajifunza mambo mawili: sauti ya wananchi ina nguvu, na kuhamisha jalala bila kulijenga vizuri ni kumhamishia jirani mwingine taabu. Moshi huonekana na kila mtu, lakini maji huharibika kimyakimya. Kwa hiyo anayelalamikia maji anahitaji vipimo.

La kufanya

1. Andikeni barua kwa pamoja kupitia serikali ya mtaa au kijiji, kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, na nakala kwa afisa afya na diwani. Tajeni visima, umbali wake kutoka jalalani, na lini maji yalibadilika. Bakini na nakala iliyogongwa mhuri.

2. Ombeni maji yapimwe katika maabara ya maji, zikiwemo risasi na naitreti, si vijidudu tu. Ombeni majibu yasomwe mkutanoni.

3. Wakati mkingoja, mtoto mchanga apewe maziwa ya mama. Maji ya kunywa na kupikia yachotwe bombani au kwenye kisima kilicho mbali na jalala, nayo yachemshwe kama kawaida.

4. Msipojibiwa, nendeni kwenye Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na haki ya kuidai mahakamani.

Afisa akija, akayatazama maji na kusema hayana neno, mshukuruni kwa kufika, kisha mwombeni karatasi ya vipimo.