CHEREHANI INAYOSHONA PAZIA PEKE YAKE

Majuma machache yaliyopita tulikuwa na kazi ya kushona mapazia ya darasa moja hapa kwetu Lusangi. Madirisha sita ya darasa lile yaelekea mashariki. Kila asubuhi jua huingia kwa nguvu, huwachoma watoto machoni, nao hushindwa kusoma yaliyoandikwa ubaoni. Wazazi walichanga fedha, kitambaa kikanunuliwa Kasongo, na mama mmoja wa parokia, mjane, akakubali kuleta cherehani yake ya miguu.

Alipokuwa akishona, mwanawe wa darasa la sita alitusogelea akauliza: "Mwalimu, je, ni kweli kwamba huko Ulaya ziko mashine zinazoshona rido zenyewe, bila mtu? Na kama ni kweli, mama atafanya kazi gani?"

Mama hakuinua macho, lakini miguu yake ilitulia juu ya kanyagio. Tulifahamu kwamba naye alikuwa akingoja jibu, kwa maana karo ya watoto wake wawili walio katika shule ya sekondari hutoka katika cherehani ile ile. Hatukupenda kumjibu mtoto kwa haraka. Leo tunalijibu swali lake mbele ya wasomaji wote, kwani hofu yake ni hofu ya nyumba nyingi.

HOFU HII SI YA LEO

Fundi mmoja Mfaransa, jina lake Barthélemy Thimonnier, alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kushona mwaka 1830. Muda si muda karakana yake mjini Paris ilikuwa na mashine 80, zikishona sare za askari. Mafundi wa mkono waliona kwamba chakula chao chachukuliwa. Mwaka 1831 waliivamia karakana ile, wakazivunja mashine, na Thimonnier akakimbia kuokoa maisha yake. Alikufa maskini mwaka 1857.

Huko New York, kadiri ya mwaka 1834, Walter Hunt naye alitengeneza mashine yenye sindano ya tundu karibu na ncha. Yasimuliwa kwamba binti yake alimsihi asiieneze, asije akawanyima kazi wanawake waliojipatia riziki kwa sindano. Naye hakuomba hati. Lakini jambo lililokwisha kufikiriwa na mtu mmoja haliachi kufikiriwa na mwingine. Mwaka 1845 Elias Howe aliionyesha mashine yake mjini Boston, ikashona mishono 250 kwa dakika, ikawashinda washonaji watano wa mkono. Mwaka 1846 alipata hati yake, na mwaka 1851 Isaac Singer alipata yake.

Je, matokeo yalikuwa nini? Shati la mwanamume lililohitaji kadiri ya saa 14 za kushona kwa mkono lilimalizika kwa saa moja na robo. Watu waliokuwa na shati moja wakaweza kuwa na matatu. Washonaji hawakwisha duniani, bali waliongezeka. Hata hivyo tusifiche upande wa pili: katika miji mikubwa wengi wao walifungiwa katika karakana za joto na giza, wakashona mchana na usiku kwa ujira mdogo. Mashine haikuwa na kosa katika hayo. Waliokosa ni wale waliopunguza mshahara.

Na sisi wa Maniema tumeyaona mabadiliko ya namna hiyo. Zamani wazee wetu walisuka vitambaa vya nyuzi za majani ya mwale. Ndipo misafara ya kutoka Unguja ilipopita Ujiji na Kabambare hadi Kasongo, ikileta majora ya merikani na kaniki. Baadaye ikaja cherehani, na wakati wa utawala wa Wabelgiji vituo vilivyoitwa foyer social viliwafundisha akina mama wa Kongo kuitumia. Chombo kile kilichowatisha mafundi wa Paris ndicho leo kinachomlisha mjane wa Lusangi.

MASHINE HUSHONAJE PEKE YAKE?

Tumjibu mtoto sehemu ya kwanza ya swali lake: ndiyo, ni kweli. Viko viwanda ambamo jora zima la kitambaa huwekwa upande mmoja, na upande wa pili hutoka pazia lenye pindo.

Kazi huenda hivi. Rola huvuta kitambaa kutoka katika jora na kukinyosha. Mashine huhesabu urefu, na kisu hukata mahali palipoamriwa. Kisha ukingo wa kitambaa hupita katika bati lililokunjwa kama bomba. Bati hilo hukunja kitambaa mara mbili, kama vile mama afanyavyo kwa vidole vyake, na papo hapo sindano hushona. Jicho la umeme hutazama ukingo. Ukienda upande, mashine huurudisha. Uzi ukikatika, mashine husimama yenyewe.

Liko pia pazia la kitambaa linalopandishwa kwa kamba. Nyuma yake hushonwa mifuko myembamba ya kuingizia fito, na pete ndogo za kupitishia kamba. Ukivuta kamba, pazia hupanda likijikunja tabaka juu ya tabaka. Katika pazia la namna hiyo umbali kati ya mifuko sharti uwe sawa kabisa, la sivyo litapanda upande. Kazi ya kurudia kipimo kimoja mara mia bila kuchoka mashine huiweza kuliko mkono. Tena kuna vitambaa vya nailoni na poliesta ambavyo havihitaji uzi hata kidogo: kingo zake huunganishwa kwa joto.

MBONA PAZIA, SI SHATI?

Hapa wanafunzi wafikiri vizuri. Kama mashine yaweza kushona pazia, mbona mashati na magauni ya dunia bado hushonwa na watu walioketi mbele ya cherehani?

Sababu ni kwamba pazia ni mistari iliyonyoka. Shati lina bega, kwapa, ukosi na mkono. Mshono wake wapinda, na vipande viwili visivyo na umbo moja havina budi kukutana. Na kitambaa si kama bati au ubao. Ukikishika huku, chalegea kule. Chateleza, chavutika, chajikunja. Vidole vya mtu huyasikia hayo na kuyarekebisha bila hata yeye kufikiri. Mkono wa chuma hausikii hivyo. Mwaka 2016 Mwamerika mmoja, Jonathan Zornow, alitangaza njia yake: kwanza alikigandisha kitambaa kwa dawa kikawa kigumu kama karatasi nene, mashine ikakishona, kisha akakiosha kwa maji dawa ikatoka. Tazameni jinsi ilivyobidi kitambaa kiache kuwa kitambaa ili mashine iweze kukishika!

KAZI ILIYOMBAKIA MTU

Turudi kwa yule mama. Kabla ya kukata, alipima kila dirisha juu, katikati na chini. Sisi tulidhani anapoteza wakati, maana madirisha yote yalionekana sawa. Lakini shule yetu ni ya matofali yaliyopangwa kwa mikono, na dirisha la tatu lilikuwa jembamba kwa vidole viwili upande wa chini.

Kisha akatufundisha hesabu yake. Kimo cha dirisha ni sentimeta 120. Ongeza 20 ili pazia lizidi dirisha juu na chini. Hizo ni 140. Ongeza 8 za mfereji wa kupitishia fimbo juu, na 12 za upindo wa chini. Hizo ni 160. Kila dirisha lina mapazia mawili, basi madirisha sita yahitaji vipande 12, yaani meta 19 na sentimeta 20. Mtu akikosa sentimeta tano tu katika kila kipande, amekwisha kupoteza sentimeta 60 za kitambaa kilichonunuliwa kwa fedha za maskini.

Hesabu hiyo mashine haiifanyi mpaka apatikane mtu wa kuipa vipimo. Akiipa kipimo kibaya, haitamwuliza neno. Itashona mapazia elfu moja yote mabaya, tena kwa haraka. Tukumbuke kwamba hata katika Kitabu cha Kutoka, palipoagizwa mapazia kumi ya hema takatifu, agizo lilitaja kipimo: kila moja mikono 28 kwa mikono minne, yote sawasawa.

Basi tuseme kweli pasipo kuwabembeleza wasomaji. Mapazia yaliyoshonwa tayari viwandani yamekwisha kuingia katika masoko ya Afrika, na bei yake yaweza kumshinda fundi wa kijijini. Ajuaye kushona mstari ulionyoka tu, na hataki kujifunza zaidi, mashine itamnyang'anya kazi. Lakini ajuaye kupima dirisha lisilo la kawaida, kumkatia mtoto sare, kugeuza gauni la mama liwe la binti, na kuitengeneza cherehani ikiharibika, huyo atatafutwa. Na hata katika kiwanda kile cha mashine, anayekaa mbele yake ni mtu aliyesoma hesabu.

Hayo ndiyo tuliyomjibu mtoto. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi, Mwalimu, mfundishe hesabu vizuri. Kushona nitamfundisha mimi." Akakanyaga tena, na cherehani ikaendelea na kazi.

Wazazi, fanyeni kama huyu mama. Msiwaambie watoto kwamba kazi ya mikono ni ya wale walioshindwa shule, wala msidhani kwamba shule inatosha bila mikono. Mpeni binti kipimo, mpeni na kijana sindano. Wazee walisema: achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Siku hizi mpini una namba zake, na ni vema mtoto azijue.

Mapazia yametundikwa. Asubuhi jua likipanda, mtoto wa kiti cha mbele huyafunga, na darasa zima huona ubao.